Fumbo la Tisa la Mwalimu

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, na macho yangu haya mawili, ambayo hadi leo yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, yaliona yote. Shule niliiacha darasa la tano, au shule iliniacha mimi, bado tunabishana. Lakini vitabu vimepita vingi mikononi mwangu kuliko mikononi mwa maprofesa: navinunua vikuukuu, navijalidi upya, nauza.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja, mwalimu wa hesabu, nyumba ya tatu kutoka kibandani kwangu. Aliishi na bintiye wa miaka tisa, tuliyemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Baba mtu ni dereva wa malori, nyumbani hupita kama mgeni. Mwalimu hakutaka hadithi za mapenzi. Alitaka zile za mafumbo: maiti imekutwa na karatasi ya herufi zisizosomeka, mpelelezi anakuna kichwa, msomaji naye anakuna chake. Shida yake, alizimaliza haraka kuliko nilivyozipata.

"Fundi, una kipya?"

"Mwalimu jamani, si nilikupa kimoja juzi?"

"Nilikimaliza chai haijapoa. Muuaji ni mtunza maktaba, ufunguo ni tarehe ya ndoa yake. Unaniletea vitabu vya chekechea!"

Basi katika gunia la vitabu vya marehemu mmoja nikakuta kitabu cheusi, kisicho na jina la mwandishi. Ndani mlikuwa na mafumbo tisa, moja kila mwisho wa sura. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kurasa zote zilishonwa ukingoni, pande zote tatu, kwa uzi mweusi, kama mtu anayeziba mdomo wa gunia. Mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi niliutazama ule mshono nikasema, fundi gani mchafu huyu? Nikachukua wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja bila kuchubua karatasi. Kazi safi, anayebisha alete ya kwake. Ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. Nikadhani ni gundi ya zamani.

Fumbo la kwanza mwalimu alilivunja mbele yangu, mchana kweupe, sebuleni kwake. Alinieleza kwamba maneno yetu karibu yote huishia na a, e, i, o au u, kwa hiyo anayeficha herufi kwa lugha hii amejificha nyuma ya pazia fupi, miguu inaonekana. Akaandika jibu kwa penseli: *Ahsante kwa kunifungulia.*

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

La pili likasema: *Birika linachemka.* Jikoni birika lilikuwa likipiga mluzi, na jiko halijawashwa tangu asubuhi. La tano: *Nimekaa kiti cha baba.* Nilikigusa mwenyewe kile kiti. Kilikuwa na joto, na mto wake umebonyea. Kila jibu lilipokamilika, jambo lake lilikuwa limeshatokea.

Mnadhani aliacha? Mtu wa mafumbo ukimwachia fumbo nusu ni kama kumwachia chafya puani. Akavunja la sita, la saba, na la nane likaandika: *Mtoto anapenda hadithi zangu.* La tisa likawa gumu. Siku nzima ya Jumapili alipata neno moja tu la mwanzo, na neno lenyewe lilikuwa *Chiriku*, jina la utani tulilompa sisi wa mtaa huu, katika kitabu kinachomzidi umri mama yake.

Alikuja kibandani bila viatu.

"Fundi," alinong'ona, "hiki kitabu kilikuwaje ulipokipata?"

Nikamweleza habari ya uzi. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Mwanangu ametajwa," alisema. "Nikilimaliza lile fumbo, limempata."

Nilimleta mganga mwanamke, mtu mfupi, mpole, anayetoa majini bila makelele. Alifukiza nyumba, akakifunga kile kitabu kwa uzi mpya, akakitia kwenye mkoba wake. Kisha akamtazama mwalimu.

"Kitabu nimekitoa. Lakini fumbo la tisa umelikariri, sivyo?"

"Herufi zote, bibi. Sikukusudia."

"Basi limebaki kichwani mwako, na humo mimi sina mlango. Ilishe akili yako mafumbo mengine. Isikae bure hata siku moja."

Nilimsindikiza mganga hadi barabarani, nikarudi na neno la mwisho kutoka kwake: mtoto akitimiza miaka kumi, huyo jini atachoka, atakwenda zake. Mwalimu alilia kwa furaha.

Tangu hapo nikawa mtu wa kutafuta hadithi za mafumbo kama watu wanavyotafuta dawa. Nilibembeleza wajane wa mahakimu wanifungulie makabati, nilinunua vilivyoliwa na mchwa nikabandika kurasa moja moja, nilisafiri siku mbili kwa ajili ya kitabu kimoja kisicho na jalada. Kila Jumamosi furushi jipya la kumtosha wiki nzima, na Chiriku akawa anapiga domo kama zamani.

Jumamosi moja nikakosa. Nilifika Jumapili alasiri na kitabu kwapani, na kabla sijabisha hodi nikasikia penseli ikikwaruza karatasi, taratibu, kwa mpango, nikasema moyoni huyu anasahihisha madaftari, nikasukuma mlango, na harufu ile ya nywele zilizoungua ikanipiga usoni, nikamwona mwalimu amesimama jikoni anakanda unga, macho yake yako mbali, kidole chake kinaandika na kufuta juu ya unga uliomwagika mezani, wala hapakuwa na penseli popote, na kule sebuleni sauti ilizidi kukwaruza, na kwenye kiti cha baba alikaa Chiriku, kimya, amejibana upande mmoja kabisa kama abiria aliyempisha mwenzake.

"Chiriku," nikanong'ona, "mbona umejibana hivyo?"

"Nimempisha."

"Umempisha nani, mwanangu?"

"Anayemsaidia mama."

Nilikimbilia jikoni nikabamiza kitabu juu ya unga. "Mwalimu! Kipya! Herufi zimegeuzwa kuwa namba, ukurasa wa nne!" Macho yake yakarudi polepole. Pale mezani maneno mawili yalikuwa tayari: *Chiriku, njoo.* La tatu lilikuwa limeanza. Sauti ilikatika, na mtoto akaomba maji.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Jumanne ijayo Chiriku anatimiza miaka kumi. Jana mwalimu alinipitia anacheka, amenenepa kidogo.

"Fundi, Jumanne ikishapita, Jumamosi usijisumbue tena. Nimechoka na herufi. Nataka nikae tu, nisifikirie kitu."

Nikamwitikia kwa kichwa.

Yote niliyosema ni kweli tupu, niliyaona, isipokuwa moja nililitunga mimi ili mama wa watu apate usingizi. Ni lile la miaka kumi. Kule barabarani nilimuuliza mganga litaisha lini. Alifunga mkoba wake vizuri, akaniangalia, akauliza:

"Vitabu unavyo vingi?"