Dakika Nne za Roscoe

Saa sita mchana kantini ya studio ilifurika maharamia, watawa na askari wa Kirumi, wote wakigombea supu. Jaji mmoja mwenye joho jeusi aligeuka ghafla, akammwagia supu ya njegere msichana mwenye gauni la madoa meupe na glavu za pamba.

"Samahani sana, bibi!"

"Wewe! Si ulikufa jana?"

"Nilikufa saa tatu asubuhi. Mchana nikawa karani wa hoteli."

Huyo ndiye Roscoe Dunleavy, mwigizaji wa visehemu, mwenye filamu mia moja na thelathini na shabiki mmoja, mama yake mzazi. Msichana ni Wilma Pasternak, mkataji wa filamu hapo Hollywood, aliyekwisha kumpitishia mkasi mara kumi na tisa bila kumjua jina. Wakapendana. Watu wamependana kwa sababu dhaifu kuliko supu.

Kila adhuhuri simu ya chumba cha kukatia ililia.

"Leo wewe nani, laazizi?"

"Mtumishi wa mlangoni. Nasema, 'Bwana hayupo, bibi.'"

"Makubwa! Utanikumbuka kweli?"

"Nitakutumia picha yenye sahihi."

Mwaka 1938 mbingu zikafunguka. Roscoe alipewa tukio la maana: baba anayemwombea mwanawe asinyongwe. Dakika nne nzima, kamera usoni mwake. Watazamaji wakilipenda, angepata mkataba wa miaka saba.

"Jina langu likipanda kwenye bango, Wilma, nakuoa."

"Na lisipopanda?"

"Nani aolewe na 'Bwana hayupo'?"

Safari hii Roscoe hakucheka.

Jumamosi filamu ilijaribiwa mbele ya watu huko Glendale. Roscoe alivaa suti ya kuazima, ua kifuani. Kwenye skrini, baba akaingia gerezani, mlango ukafungwa, na papo hapo nyota wa filamu akaanza kumbusu mchumba wake. Dakika nne hazikuwapo. Ila mgongo wa Roscoe ulionekana vizuri sana.

"Bosi wa studio aliagiza," Wilma alinong'ona.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Na Jumatano ukanipikia kuku! Ukaniuliza harusi tufanyie wapi!"

Wiki nzima Wilma alipompigia simu, alijibiwa kwa sauti ya heshima kuu: "Bwana hayupo, bibi."

"Roscoe, acha utoto."

"Nitamfikishia ujumbe, bibi."

"Basi mfikishie huu: dakika zake sikuzitupa. Ninazo."

Roscoe alifika mbio, bado na masharubu ya bandia. Wakazitazama kwenye mashine ndogo, vichwa vikigusana.

"Nilikuwa mzuri," alisema, kama anayemsifu mtu mwingine.

"Kuliko wote."

"Sasa bosi aliona kasoro gani?"

Wilma akavua glavu polepole. "Hakuona kasoro. Alitaka filamu ipungue dakika nne, hakusema wapi. Ningegusa tukio la nyota, ningefukuzwa. Wewe... nilijua ungenisamehe."

Roscoe akabandua masharubu.

"Ulipekua filamu nzima ukitafuta mtu asiye na madhara, ukanipata mimi."

"Tuoane kesho, mpenzi. Sitaki bango."

"Na wakitaka tena dakika nne?"

Wilma akafumbua mdomo. Roscoe akasubiri. Alikuwa hodari wa kungoja maneno ya wenzake. Kwa kazi hiyo alilipwa miaka yote. Yalipokataa kuja, akavaa kofia, akatoka.