Aliyeandikwa Mwenyewe

Kengele ililia mara moja tu, na hapo ndipo mtu mwenye akili zake angeinuka kitandani.

Maana kengele ya geti lile hailii mara moja. Mpira mweusi umelazwa kukatiza barabara, na waya wake unaingia ndani ya trela wanamoishi walinzi. Gari likikanyaga kwa matairi ya mbele inalia, likikanyaga kwa ya nyuma inalia tena. Malori marefu huiliza hata mara tano. Mtu wa miguu haimlilii kabisa, awe mnene namna gani. Kwa hiyo mlio ule mmoja ulisema jambo moja: kuna kitu kizito kimeingia, kina mbele lakini hakina nyuma.

Afande hakuinuka. Na tumwite Afande kwa kuwa alijibatiza hivyo, ingawa kambini hakuwahi kukanyaga. Alipata kulinda ghala la shule, akafukuzwa kwa usingizi, na usingizi huohuo akauleta hapa, kilomita themanini kutoka duka la mwisho, penye mtambo wa kuchimba mafuta, matangi manne, uzio wa waya na vumbi. Mjini alikuwa si chochote si lolote. Hapa mhandisi mwenye shahada zake alisimama juani mpaka Afande apende. Basi kichwa kikamvimba. Wahandisi aliwaita watoto wa mama, madereva aliwaita punda, na vibarua hakuwaita kitu. Aliwaelekeza kwa kidole cha mguu. Mkewe, aliyepokezana naye zamu, yeye mchana na mama wa watu usiku, Afande alimwita "wewe". Jina lake nadhani alishalisahau.

Ilikuwa saa sita na dakika kumi mchana, jua limesimama utosini. Afande alikuwa amelala chali, kitambaa cha maji usoni, daftari la geti kifuani. Mkewe alikuwa nyuma ya trela anafua.

"Hodi," sauti ikasema dirishani.

"Jina?" Afande akauliza bila kutoa kitambaa.

"Mwenyewe."

"Umekuja kumwona nani?"

"Mwenyewe."

Afande akacheka kwa pua. Kibarua amepata jua la kichwa, akawaza, leo ananitania mimi. "Haya, Mwenyewe, pita. Usinichoshe."

Akainua kitambaa nusu jicho, akaandika kama alivyoambiwa. Jina: Mwenyewe. Anamwona: Mwenyewe. Ameingia: 6:10. Safu ya kutoka akaiacha wazi. Alipotupa macho nje, kizuizi kilikuwa chini, na barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka inapogusa mbingu. Palikuwa na harufu tu, harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa sasa hivi, mahali ambapo mvua haijanyesha tangu mwaka juzi.

"Wanachimba choo kingine," akasema, akageukia ukutani.

Jioni mkewe alikuja kupokea zamu, mikono bado ina povu.

"Ulikuwa unataka nini kule kwenye kamba ya nguo?"

"Kamba gani?"

"Si ulikuja nikifua. Ukasimama nyuma yangu ukanipa pole ya kazi."

"Mimi?"

"Ndiyo maana nakuuliza," mke akasema, sauti imeshuka. "Miaka kumi na moja hujanipa pole, hata nilipovunjika mkono. Nikageuka, hupo."

"Jua limekupanda kichwani, wewe. Niletee chai."

Kesho yake, saa sita na dakika kumi, kengele ikalia tena mara moja. Keshokutwa pia. Harufu ya udongo ikahamia ndani, ikakaa kwenye mashuka, kwenye mto, kwenye kofia ya kazi ya Afande. Kiti cha plastiki kilicho karibu na dirisha kikaanza kubonyea chenyewe, miguu inaachana polepole kama inavyoachana akikaa mtu mzima, na mke akaacha kupita upande ule. Afande alisema plastiki inalainika kwa joto. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, kama walivyo wajinga wote.

Siku ya nne alikosa jibu. Alikuwa ndani, kitambaa usoni, akasikia nje sauti yake yeye, sauti yake halisi yenye mkwaruzo wa sigara, inasema taratibu, "Lete ndoo moja nikusaidie, mke wangu," na alipochungulia alimwona mkewe kasimama kati ya tangi la maji na trela, macho yamemtoka, mkono mmoja umeshika ndoo yake na mkono mwingine mtupu, na ndoo ya pili inakuja peke yake hewani, haimwagiki hata tone, inakuja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ikapita chini ya dirisha, ikatuliwa mlangoni kwa adabu.

Aliogopa. Tusimstahi, aliogopa mpaka akauma kitambaa. Lakini kwa watu wa aina yake woga haujui njia nyingine ya kutoka ila matusi. Akamtukana mkewe kwa kumwaga maji ambayo hayakumwagika.

Asubuhi iliyofuata boza la maji likaja. Dereva wake alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayejulikana njia nzima kwa kusoma dua kabla ya kuwasha gari. Mke akamnong'oneza yote huku maji yakiingia tangini, kisha akamletea daftari. Dereva akapitisha kidole kwenye mistari, kidole kikasimama.

"Nani kaandika hivi?"

"Mwenye geti hili, mimi," Afande akasema kutoka mlangoni. "Una neno?"

"Mzee wangu, usikasirike. Nchi hii ina wenyewe kabla hata bomba halijalazwa. Hao hawaingii kwa mtu mpaka waruhusiwe. Wewe umemruhusu, tena umemwandika kwa jina ambalo si la mtu mmoja. Kila mtu ni mwenyewe kwa nafsi yake, si ndiyo?"

"Atatokaje, kaka?" mke akauliza, karibu sauti isitoke.

"Saa ileile aliyoingilia. Mzee asimame pale kizuizini kwa miguu yake, amtazame, amwombe radhi kwa kutomtazama mara ya kwanza, ndipo aandike kwamba ametoka. Asiandike kabla. Ukiandika Mwenyewe ametoka na hujamwona akitoka, hujui umemtoa nani." Akamgeukia mke. "Na akishatoka ataita nje kwa sauti ya mumeo. Ataita sana, dada. Usiitikie. Funga dirisha, mwaga chumvi kizingitini. Siku ya tatu atachoka."

Afande akapiga kofi paja lake. "Hebu tazameni! Punda wa maji kawa shehe! Nimwombe radhi nani, mimi? Upepo? Ondoa boza lako hapa."

Dereva akaondoa boza lake.

Haikupita nusu saa redio ya mkononi ikakoroma. Mkuu wa usalama yuko njiani, atafika kabla ya saa sita, atahesabu watu. Hesabu hiyo Afande aliijua: walioandikwa kuingia na hawajaandikwa kutoka, lazima walingane na vichwa vilivyomo ndani ya uzio. Mtambo ukilipuka, daftari ndilo linalosema nani wa kutafutwa motoni. Mlinzi ambaye daftari lake halilingani hapewi onyo, anapewa lifti ya kurudi mjini.

Daftari lilisema watu thelathini na wanane. Vichwa vilikuwa thelathini na saba.

Afande akahesabu mara tatu, jasho linadondokea karatasi. Aliona mjini. Aliona vibaraza ambavyo hakuna anayempisha, na milango ambayo yeye ndiye angesimama nje yake akingoja wengine wapende. Geti lile ndilo lililomfanya mtu, na alikuwa tayari kufanya lolote lisimponyoke, isipokuwa kuinuka.

"Imebaki robo saa tu saa yake ifike," mkewe akanong'ona. "Akija mkuu nitampokea mimi, nitamchelewesha kwa maneno. Wewe simama tu pale, mume wangu. Umtazame mara moja, basi."

Afande akatazama kizuizini kupitia dirishani. Joto lilikuwa linachezacheza juu ya barabara, na katikati ya joto lile, pale ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na kivuli cha mtu, kifupi kwa sababu ya jua la utosini, kimevaa kivuli cha kofia kama yake, na kivuli kile hakikuwa kimelala mchangani kama vivuli vingine bali kilikuwa kinainuka kidogokidogo, kwanza mabega, kisha shingo, kama mtu anayeamka usingizini na kutaka kugeuka amwone anayemwangalia.

Akavuta pazia haraka.

"Siwezi kuungua na jua kwa ajili ya hewa," akasema, meno yanagongana.

"Nakuomba."

"Kalamu ni ya nani humu? Ni yako?"

Akafungua ukurasa ule, na, mgongo kaugeuzia dirisha, akaandika: Mwenyewe, ametoka, 5:55. Akatia sahihi yake, ile yenye mikia mingi.

Papo hapo harufu ikakatika. Kiti cha plastiki kikarudi kuwa kiti. Afande akavuta pumzi, akacheka, akavaa kofia. "Umeona? Jini gani linalokimbia peni?" Mkewe alikuwa ameinamia mfuko wa chumvi. Afande akatoka nje kifua mbele kumpokea mkuu wa usalama, akaenda akasimama upande wa pili wa kizuizi, mkono tayari kwa saluti.

Gari likaja. Kizuizi kikainuka kabla hajakigusa. Kengele ikalia mara mbili, kama ipasavyo. Mkuu wa usalama, mama mmoja mkavu mwenye miwani, akashusha kioo, na Afande akafungua kinywa amwambie karibu, lakini yule mama alikuwa anatazama nyuma yake, dirishani kwa trela, akitabasamu.

"Habari za kazi, mzee?"

"Njema, mama. Karibu, pole na safari," likajibu dirisha, kwa sauti yenye mkwaruzo wa sigara, na Afande akageuka akaona mkono ukitoka dirishani na daftari, ukilitoa kwa heshima, mkono wenye kovu lake la kisu kidole gumba na saa yake yenye kioo kilichopasuka, naye akatazama mkono wake mwenyewe ulioinuliwa kwa saluti na akaona kupitia humo matairi ya gari, na mchanga, na mpira mweusi wa kengele, na akapiga kelele ambayo haikumshtua hata nzi.

Akakimbia kwenye mlango wa trela. Alisikia mkuu wa usalama akisema thelathini na saba kwa thelathini na saba, daftari safi, na hongera. Alisikia gari likiondoka kuelekea mtamboni. Akagonga kwa ngumi zote.

Ndani, mkewe akaacha alichokuwa anafanya.

"Linaita," akanong'ona.

"Nalisikia, mke wangu," ikajibu sauti ya ndani, ya upole. "Usiliitikie."

"Wewe!" Afande akanguruma. "Wewe, mpumbavu, fungua mlango! Wewe!"

Mke alikuja mlangoni na chumvi imejaa kiganjani, akafungua ufa mdogo, na Afande akamwona uso. Miaka kumi na moja hakuwahi kuutazama sawasawa, kwa hiyo hakujua kuusoma. Mwanamke yule alisikiliza neno lile moja likirudiwa na kurudiwa, neno ambalo hakuna kiumbe mwingine duniani aliyemwita, akalisikiliza hasa, kama mtu anayethibitisha sauti simuni. Akageuza shingo akatazama ndani, ambapo mtu alikuwa anafuta meza aliyolia chakula. Akatazama tena nje, pale pale alipokuwa mumewe, moja kwa moja machoni.

Kisha akamwaga chumvi yote kizingitini, bila kupapasa, akafunga.

Ilimchoma Afande mpaka magotini. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka nje ya kizuizi, na kila alipojaribu kuvuka, barabara ilimkataa. Aliita siku ya kwanza. Aliita siku ya pili, na siku hiyo alijaribu kukumbuka jina la mkewe, akatafuta kichwa kizima asilipate.

Siku ya tatu boza la maji likapita karibu naye, dereva akisoma dua zake. Akafunga mpira wa maji tangini, akamwuliza mama wa watu hali.

"Limeondoka, kaka. Linaita bado huko barabarani, lakini sauti inafifia."

"Mzee alisimama akalitazama?"

"Aliandika."

Dereva akatazama upande wa kamba, ambapo Afande mpya alikuwa anaanika mashuka, anayakung'uta vizuri kabla ya kuyatandaza, anaimba chinichini. Upepo ukaleta harufu ya udongo mbichi. Dereva akashika mkufu wa tasbihi uliokuwa mfukoni.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "una hakika ni lenyewe lililotoka?"

Mwanamke akajifuta mikono kwenye kanga, bila haraka.

"Mimi ninachojua, tangu jini litoke, mume wangu amekuwa mtu," akasema. "Funga maji, kaka. Tangi limejaa."