Mvua Inapoficha Upepo

Nilikuwa napepeta ulezi nyuma ya nyumba yetu, katika kijiji cha ujamaa huko Tarime. Ilikuwa Septemba 1978. Nikasikia kishindo. Mwanangu Nashoni alikuwa ameanguka kutoka juu ya ghala. Mkono ulivunjika, ukavimba.

Tulipanda lori la ushirika mpaka Kinesi. Hospitali ilikuwa ng'ambo, Musoma. Ziwa tu lilituzuia. Mara mvua ikaanza kunyesha kule katikati ya maji.

Tomaso, mwenye mtumbwi, akasita. Lakini mume wangu Werema ni mfugaji, si mtu wa maji.

"Twende sasa hivi!" akasema. "Huoni pale penye mvua maji yamelala? Malishoni kwetu mvua ikishika, upepo umekwisha."

"Shikamoo baba. Ngoja kwanza," akasema binti mmoja aliyekuwa anavuka nasi. Huyo ni Sabaha, mtoto wa fundi cherehani wa Tarime mjini. Kazi yake ni kupima hali ya hewa Musoma.

"Marahaba. Ningoje nini, na mtoto analia?"

"Matone yanavuruga viwimbi vya upepo, baba. Panaponyesha, maji hayakuambii ukweli. Hata chombo cha angani hudanganyika."

"Chombo gani tena?"

"Kimerushwa mwaka huu, kinazunguka dunia. Kinatuma mawimbi mafupi mno ya redio baharini, kisha kinapokea yanayorudi. Maji yaliyokwaruzwa na upepo yanarudisha mengi. Maji laini, machache. Hivyo kinajua nguvu ya upepo."

Nikashika mdomo. Kutoka juu kote huko!

"Na mvua je?" nikauliza.

"Matone mengine yanarudisha mawimbi kabla hayajafika majini. Mengine yanayapunguza nguvu. Tena yakidondoka yanakwaruza maji upya. Basi chombo kinasema upepo mkali, kumbe mdogo. Au mdogo, kumbe mkali."

"Hata mbuzi wangu anajua mvua na upepo!" akasema Werema.

"Mbuzi wako anapima bahari nzima, baba?"

Tomaso akaangua kicheko.

"Wataalamu wakijua pana mvua," Sabaha akaendelea, "wanasema hapa tusiamini. Wanatazama pembeni mwa mvua, wanauliza meli."

"Na sisi tumwulize nani?" akauliza Werema.

Sabaha akanyoosha kidole upande mvua ilikotoka, nje ya mvua yenyewe. Matete ya ufukwe wa kule yalikuwa yameinamishwa na upepo mpaka majini.

Werema akampakata Nashoni. Tukangoja.

Mvua ilitufikia pamoja na upepo. Mtumbwi mtupu ukapinduliwa palepale ufukweni.

"Tungekuwa ndani," Werema akasema polepole.

Maji yalipotulia, tukavuka. Nashoni akafungwa plasta. Tuliporudi, Werema mwenyewe alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaeleza: mvua ikiwa ziwani, usivuke, hata maji yakionekana yamelala.

Mimi nakisifu chombo kile. Zaidi nawasifu wanaojua ni wapi kisiaminiwe. Mama mwenzangu, nakuonya, hata mtoto akilia namna gani, ngoja mvua ipite.

Nashoni wangu sasa anakamua ng'ombe kwa mikono yote miwili.