Makaa ya Kahawia

Saa moja asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji.

Nyundo alitupa mabonge mawili ya makaa ya mawe mezani. La kwanza jeusi, gumu, linang'aa kama kioo. La pili la kahawia, bichi, linamomonyoka kidoleni.

"Hili antrasaiti," alisema. "Moto mkali, moshi kidogo. Viwanda vinaligombania. Hili lignaiti. Makaa machanga, karibu nusu yake maji. Bei ya kutupa."

Mpango ulikuwa mwepesi. Gia, dereva aliyekodiwa kupeleka antrasaiti kiwanda cha saruji, angepinda njia hadi kwenye machimbo yaliyoachwa. Huko Kobe angemngoja na tipa la aina ileile, limejaa lignaiti. Wangebadilishana malori na namba. Kobe angepotea na mali. Gia na Nyundo wangepeleka takataka kiwandani ili wizi usishtukiwe mapema. Mpima mizani wa getini alikuwa shemeji yake Gia, mume wa dada yake. Alikuwa ameshalainishwa.

Gia aliuliza tanuru la kiwanda litakuwaje. Nyundo, aliyewahi kufukuzwa kazi kwenye tanuru hilohilo, alijibu kwamba litapoa tu, wahandisi wakune vichwa.

Saa tatu. Machimboni.

Namba zilibadilishwa kimyakimya. Kobe aliondoka bila hata kuaga.

Saa nne kasorobo. Barabarani.

Nyundo alianza kucheka peke yake. Gia hakukipenda kicheko kile.

"Kuna nini?"

"Makaa husagwa unga kwanza, yakikaushwa kwa hewa ya moto. Kinu chao kimewekewa joto la antrasaiti, jiwe sugu. Unga wa lignaiti ukikutana na joto lile, unalipuka. Moto ukishakula, nani atajua kilichoibwa?"

"Dada yangu yuko kinuni. Zamu ya asubuhi."

"Najua." Bastola ikatoka, ikatulia pajani. "Endesha."

Gia aliendesha. Dada huyo ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni, baada ya mama yao kufariki.

Saa nne. Getini.

Lori lilipanda mizani. Shemeji alichungulia dirishani, akawapungia mkono wapite. Gia akafunga breki. Akashika wenzo wa kuinulia bodi, akauvuta hadi mwisho.

Makaa ya kahawia yakamwagika mizanini, miguuni pa walinzi. Bastola ikalia. Paja la Gia likachanika. Nyundo akaruka nje, akateleza juu ya makaa, walinzi wakamvamia.

Gia wakamburuta chini. Mkuu wa walinzi akamuuliza mpima mizani kama anamfahamu.

"Simjui," shemeji alisema haraka. "Mpigeni. Wezi dawa yao ni moja."

Wakampiga. Mkuu akainama, akataka jina la mtu wao wa ndani.

Gia alimtazama shemeji.

"Hakuna," akasema, akitema damu. "Tulikuwa wawili tu."

Dada akatokea kinuni mbio, barakoa ya vumbi ikining'inia shingoni. Akawasukuma walinzi, akapiga magoti kwenye makaa.

"Mdogo wangu!" Akainua uso, akamtafuta mumewe. "Mume wangu, umesimama unamtazama shemeji yako anapigwa?"

Mateke yakakoma. Walinzi wote wakageuka kumtazama mpima mizani.