Sema "Famiglia" Ndiyo Uje

"Papà."

Ndivyo nilivyosikia. Sauti ya mtoto, ndani ya ujumbe wa sauti alionitumia mume wangu.

Usiniambie labda ni mtoto wa jirani. Hilo nilijiambia mimi kabla yako...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu yuko huko wanakoongea Kitaliano, anapika hotelini. Alipoondoka tuliagana kwamba nitamfuata. Kila nikiuliza lini, jibu lilikuwa lile lile: huku bila lugha utaumbuka, jifunze kwanza. Nikajifunza. Salamu, mavazi, vyombo, mambo ya sokoni, vyote nikavishika.

Ndipo akaniletea neno moja. Famiglia. Yaani familia, jamani, neno ninalolijua tangu nanyonya! Kumbe hapo ndipo pa kuumbukia. Ulimi wangu unakimbilia "familia" wenyewe, hata nisipoutuma. Wao ile "gli" wanaitoa ulimi ukiwa umelala bapa kwenye kaakaa, ncha imeshuka nyuma ya meno ya chini.

"Siku ukilitamka sawasawa," aliniambia, "nakata tiketi siku hiyo hiyo."

Basi nikawa chizi wa neno moja. Nashona, famiglia. Nampima mteja kiuno, famiglia. Pini zikiwa mdomoni nalisema kimoyomoyo. Wifi yangu, dada yake mume, ninayeishi naye, alinicheka mpaka akashika mbavu, akanishauri niachane na mambo ya watu. Na kila nikimtumia mume sauti yangu, jibu ni moja.

"Bado kidogo, mke wangu."

Nikamwomba arekodi yeye, mimi niige. Akarekodi. Simu yangu ina sehemu ya kupunguza mwendo wa sauti, nikaivuta taratibu kabisa ili nisikie ulimi wake unapita wapi...

Kwa mwendo wa kawaida, nyuma yake zilisikika kelele za vyombo tu. Nilipoivuta, katikati ya vyombo kulikuwa na mtoto.

"No, papà. Così. Fa-mi-glia."

Hapana, baba. Hivi. Na mume wangu akarudia baada yake, kwa upole, kama mwanafunzi mtiifu.

Mguu wangu ulikuwa bado umekanyaga cherehani. Sindano ikaenda yenyewe, ikapotea njia, ikaliharibu gauni la mteja, na sikujali.

Nikampelekea wifi simu asikilize. Nilitaka aniambie nimechanganyikiwa. Nilitaka aulize huyo mtoto ni nani.

Hakuuliza. Aliinamisha macho akasema tu, "Wifi, zima hiyo."

Hapo nikaelewa kwamba ukoo mzima ulikuwa unajua, isipokuwa mimi.

Najua mtasema ningempigia nimtukane. Nimtukane halafu iweje? Nyumba ninayolala ni ya kwao. Kwa watu mimi ni mke wa yule aliye nje, sina jina lingine.

Nilichofanya mtanicheka. Nilirudi kwenye ile sauti nikajifunza. Safari hii si kwa mume, ni kwa mtoto. Analikata neno vizuri, hana haraka, hachoki hata nikimrudisha mara ngapi. Siku moja ulimi ukalala unapotakiwa, neno likatoka safi, nami nikalia juu ya vitambaa vya watu.

Nikampigia mume. Nilijua fika tiketi haipo, lakini moyo wangu mjinga ulikuwa umeshafunga begi.

"Sikiliza," nikamwambia. "Famiglia."



Halafu kwa mbali, nyuma ya vyombo, ile sauti ndogo ikachangamka.

"Brava!"

Yaani hongera, umeweza. Mtoto wa watu, hajui hata anampongeza nani.

Nikasikia mlango unafungwa upande ule. Nikasubiri mume wangu aseme chochote. Aombe msamaha, adanganye kwamba ni televisheni, hata akate simu. Chochote kingenisaidia.

Akakohoa.

"Bado kidogo, mke wangu. Rudia."

Ndugu zangu mnaonisoma, funzo nililopata ni hili: mtu akikupa mtihani, angalia kwanza kama anataka ufaulu. Anayetaka uende kwake hakutafutii neno gumu, anakutafutia njia.

Leo naweza kuwaandikia hivyo. Siku ile simu ilikuwa sikioni, wifi amesimama mlangoni ananitazama, na yeye ananingoja upande wa pili.

Nikarudia.