Chemchemi Nyuma ya Mwamba

Mama mkwe alikula bila kunawa.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Lakini huyu ni mama anayeosha ndizi kabla ya kuimenya, na akishaimenya huosha mikono kwa sababu imegusa ganda. Alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, na usafi ulimwingia kama wengine wanavyoingiwa na siasa. Asubuhi ile alitoka chooni, akaketi mezani, akachukua mkate kwa mkono uleule, akala. Binti yake, ambaye ni msusi, akamtazama mumewe. Mumewe, fundi friji, akatazama milima dirishani.

Milima ilikuwa mizuri, tusiinyime haki yake. Walikuwa wamepanda kaskazini kwa gari-nyumba, lile gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani, ambalo fundi alilinunua likiwa kuukuu akalikarabati mwenyewe. Theluji ilikuwa vileleni ingawa ni kiangazi, na misonobari ilishuka mabondeni hadi macho yachoke. Safari yote ilikuwa kwa ajili ya mama. Kifua kilikuwa kinambana, daktari akasema hewa ya juu itamfaa, na msusi, ambaye hakuwa na mzazi mwingine, alikuwa tayari kumpeleka hata mwezini.

Shida ya gari-nyumba ni kwamba unasafiri na uchafu wako. Choo kina tangi dogo chini yake, linachomolewa kama droo, na lazima mtu alibebe hadi kwenye kituo cha kumwagia. Kazi hiyo ilikuwa ya fundi, na fundi ni mtu wa njia ya mkato. Jana yake tangi lilifurika kituo kikiwa bado mbali, akaegesha gari kando ya barabara na kuzunguka nyuma ya mwamba mkubwa. Huko palikuwa na chemchemi, maji yametulia, safi kiasi kwamba mtu angeona haya kuyatemea mate. Akamwaga tangi zima humo. Akalisuuza humohumo. Halafu, kwa kuwa maji ya kunywa nayo yalikuwa yamepungua, akachota ndoo upande wa pili, ambako maji yalionekana bado meupe. Mama alikunywa bilauri ya kwanza, akasifu ubaridi wake. Fundi tangu hapo alikunywa soda tu. Mtu wa aina hiyo sijui umfanye nini.

Mchana gari likaanza kunuka. Msusi alimwaga sabuni, akafungua madirisha, akapekua kila kabati akidhani kuna nyama imeoza. Harufu haikuwa ya nyama. Ilikuwa nzito, ina utamutamu ndani yake, inakaa kooni kama makamasi.

"Umesafisha tangi kweli?" alimuuliza mumewe.

"Nimesafisha, mke wangu. Kituoni. Si nilikwambia?"

Walisimama kwenye kona moja ili wapike. Msusi akiwa nje anakung'uta mkeka alisikia sauti ndani ya gari, sauti ya mtu anayefyonza mfupa, inafyonza, inatulia, inameza, inafyonza tena, akadhani ni bomba la sinki, akapanda ngazi taratibu, na pale jikoni akamkuta mama yake mzazi, yule anayeosha ndizi, ameinamia sinki, midomo imeng'ang'ania tundu la kupitishia maji machafu, mashavu yakibonyea na kujaa, na kidevuni uteute wa kijivu wenye nywele ukining'inia hadi kifuani.

"Mama!"

Mama akageuka. Akautafuna ule uteute, nywele na vyote, akameza.

"Usinipigie kelele," alisema. Sauti haikuwa yake. Ilitoka chini, ikibubujika. "Mimi nilikuwa nakunywa theluji. Sikujua kitu kingine. Mumeo akaja akanionjesha cha kwenu. Sasa nimezoea. Niongezeni."

Msusi alitapika pale pale mlangoni, na lililomtisha kuliko yote ni jinsi mama yake alivyoyatazama yale matapishi, kwa uchu.

Mtandao ulipatikana kwa shida. Alimpigia mama mdogo, mdogo wake mama, anayejulikana kwa kuwasomea watu walioingiliwa na majini.

"Shikamoo mama mdogo," alinong'ona.

"Marahaba mwanangu. Mbona unanong'ona? Dada yangu hajambo?"

"Amelamba sinki, mama mdogo. Anaongea siye yeye. Na kifua kimejaa maji, akipumua anakoroma, namwona anazama nikiwa nimemshika."

"Mmemwaga nini, na mmemwaga wapi?"

"Hatujamwaga kitu."

"Muulize mumeo."

Fundi alikuwa anachezea ufunguo wa gari. Kitandani mama alikohoa, yakatoka maji ya kahawia, akayaramba mkononi asipoteze tone. Ndipo jamaa akasema. Alisema akitazama viatu vyake, maneno yakitoka nusunusu, na alipofika kwenye ile bilauri ya kwanza ya mama, mkewe akamnasa kofi ambalo hata mama mdogo alilisikia.

"Basi, mtapigana baadaye," mama mdogo alisema. "Rudini. Atoe alichotia, kwa mikono yake. Akimaliza anywe maji yale, ili mwenye chemchemi ashuhudie kwamba ni safi. Asibakishe hata chembe. Akibakisha, kitakachotoka kwa dada kitahamia kwake."

Walirudi. Kule kaskazini jua huchelewa kuzama, kwa hiyo kila kitu kilionekana vizuri, na ingekuwa heri kisingeonekana. Chemchemi ilikuwa imeota ngozi juu, nene, ya manjano, ikipumua. Fundi alitumbukiza mikono hadi viwikoni. Alizoa akajaza tangi, akaenda kando akatapika, akarudi, akazoa tena, huku mkewe amemshikilia mama aliyekuwa ameshakuwa wa bluu midomoni, akimbembeleza asiende. Maji yakaanza kung'aa. Likabaki bonge moja chini ya mwamba, ndani kabisa, laini, lenye joto, na alipoligusa lilimtambalia mkononi. Akauchomoa mkono upesi. Akatazama nyuma. Mkewe alikuwa hamwangalii. Akachukua jiwe dogo, akaziba.

"Tayari," alisema.

"Una hakika?"

"Wallahi nimemaliza. Mama ana hali gani?"

Akachota kikombe, akafumba macho, akanywa.

Mama alipinda mgongo. Yakamtoka maji puani na mdomoni, mengi mno, meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe kabisa, halafu akavuta pumzi ndefu ambayo msusi hakuwahi kuisikia tangu ugonjwa uanze. Akatazama nguo zake.

"Nani kanichafua hivi?" alisema, sauti ni yake, hasira ni yake. "Sabuni iko wapi? Na nyie mnanuka!"

Msusi alicheka na kulia kwa pamoja. Alimkumbatia, akambusu mikono, akamvisha shuka safi, akampandisha garini na kumkalisha kiti cha mbele. Hata ule mkono uliompiga mumewe ulianza kumsuta. Akazunguka mwamba kumwita.

"Haya, baba, twende. Yameisha."

Fundi alikuwa bado amepiga magoti. Jiwe alikuwa amelisukuma pembeni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia chini ya mwamba hadi begani. Akautoa polepole. Akalamba vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Nakuja, mke wangu," alisema, kwa sauti yake ileile ya kila siku. "Kuna kidogo kimebaki."