Samaki wa Rangi ya Mkeka

Kila alipotoka shuleni, Anitha alivua sare, akala kiporo akiwa amesimama, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuwapaka samaki rangi. Familia yao ilikaa Mikumi, karibu na barabara kuu. Mjomba wake, Valentino, alifuga bwawani samaki wadogo weupe wa mapambo na kuwauzia wenye nyumba za wageni, ambao waliwaweka mapokezi kwenye matangi ya kioo.

Ujanja wa rangi ulikuwa wa Anitha mwenyewe. Alimwona bibi yake, Hildegarda, akichemsha ukindu wa kusukia mikeka na kuutia chumvi ili rangi ishike. Naye akawaloweka samaki katika maji ya chumvi kali hadi ute wa miili yao ukatoka, kisha akawatia kwenye rangi. Hakujua kwamba ute huo ndio ngao yao dhidi ya magonjwa. Wakatoka wekundu, wakagombewa. Mjomba alimsifu kwa majirani.

Waliokufa aliwatupia bata. Mwanzoni aligeuza uso. Siku hizi aliwatupa huku akiimba wimbo wa shule.

Siku moja Yusrah, rafiki yake wa darasa la sita, alikuja na samaki aliyemchukua kwa Anitha, akiwa kwenye chupa. Wekundu ulikuwa umefifia, na ubavuni kumeota ukungu.

"Samaki wako anachuja kama kanga ya mnadani," Yusrah alisema, akijaribu kucheka. Kisha akauliza polepole, "Anaumwa nini? Hali kitu tangu juzi."

Anitha alijibu kuwa hajui. Hakusikia huruma wala aibu. Yusrah akamwachia chupa, akamwomba amtibu.

Jioni hiyo mjomba aliagiza ndoo nzima ya wekundu. Mteja angewafuata kesho. Anitha alikuwa amechomwa kidoleni na mwiba wa mkindu. Alipotumbukiza mkono kwenye maji ya chumvi kuwageuza samaki, kidonda kikawaka. Akauchomoa upesi, akaupuliza. Samaki walibaki mle ndani, wakigonga ukingo wa ndoo, wasiwe na pa kutokea. Anitha akachukua chujio, akawarudisha bwawani wote.

"Shikamoo, mjomba," Anitha alimwamkia Valentino alipofika.

"Marahaba. Wekundu wako wapi?"

"Sitawapaka tena. Chumvi inawachoma. Na samaki wa Yusrah anakufa kwa sababu yangu."

Mjomba alilalamika kuwa weupe hawana soko. Bibi Hildegarda, aliyekuwa akisuka ukili mlangoni, hakuinua kichwa.

"Valentino, mimi ukindu naupaka rangi ukiwa umeshakatwa na kukauka. Huyo samaki bado anapumua."

Mjomba akaibeba ndoo. Akamwaga maji ya chumvi nyuma ya choo. Kesho yake mteja alichukua weupe wachache, akinung'unika.

Asubuhi hiyo samaki wa Yusrah alikuwa akielea tumbo juu. Anitha alimpelekea mwenziwe ile chupa, akamweleza ukweli wote. Yusrah alilia, hakumtukana. Anitha hakulia. Alirudi nyumbani akakaa karibu na bibi, akisugua kucha zake zilizoshika rangi. Wekundu haukutoka.

"Utatoka taratibu," bibi alimwambia. "Ila shika hili, mjukuu wangu. Maumivu ya kiumbe mwingine yakikoma kukugusa, usidhani umekuwa hodari. Ujue umepotea. Na kilicho hai hakiumizwi ili kipendeze."